Kiti cha Bibi Harusi

Magesa alipolileta lile gari Runzewe, watoto wa shule waliacha barabara wakaingia mtaroni ili walione vizuri. Lilikuwa gari jekundu la Kijapani, milango miwili, viti viwili, tumbo karibu liguse lami. Wachimbaji wa Rwamgasa, ambako Magesa ana duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, walikuwa wameshalibatiza: Panzi. Nilisimama mlangoni pa banda langu la miti nikalitazama, na sitasema uongo, lilikuwa zuri. Kisha nikachungulia ndani, nikaona viti, uzuri wote ukaniishia.

Vilikuwa viti vya mashindano, vyekundu kuliko gari lenyewe, vimeinuka pembeni kama ganda la karanga linalomngoja mtu aingie awe karanga. Na havikuwa vimefungwa. Magesa alikuwa ameendesha kutoka Rwamgasa akiwa juu ya kiti kilichowekwa tu sakafuni, kama mtu aliyekalia ndoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiki kiti kimeshikwa na nini?"

"Kimeshikwa na mimi, baba," akacheka. Alipoona sijacheka, akaacha.

Jumamosi ya wiki hiyo, ndani ya gari hilo, angekaa binti yangu Dorika. Ni mwanangu wa pekee. Wangefunga ndoa kanisani Ushirombo, halafu Magesa mwenyewe angemwendesha hadi Nkome, kule ziwani, kwa wazazi wake wanaoanika dagaa. Watu wa Nkome walikuwa wameshaambiwa wategemee gari jekundu na viti vyekundu. Nilimwambia Dorika apande gari la wasimamizi. Akanijibu, "Baba, mume akiwa na gari lake, mke apande la watu?" Huyo ni mama yake mtupu.

Mama yake, Eufrasia, alikufa kwa sababu ya kiti. Alikuwa anatoka Shinyanga mjini kuja Kahama kwa Hiace, amekalia kile kiti cha kuongeza ambacho mwenye gari alikichomelea sakafuni ili apate abiria mmoja zaidi. Gari liligonga trekta lililosimama gizani bila taa. Wa viti vya kiwandani walitoka na michubuko. Kiti cha Eufrasia kiling'oka na kipande cha sakafu chini yake, kikaenda naye mbele. Na kioo cha lile gari kilikuwa na stika mpya ya ukaguzi, inang'aa. Nani aliinama akatazama chini ya kiti kabla ya kubandika? Hakuna. Waliokuja msibani kutoka ofisi ya ukaguzi walisema ni mapenzi ya Mungu. Mungu gani anayechomelea viti? Walikula wali, wakaondoka na gari la serikali lenye viti vizuri.

Basi ndiyo sababu Magesa aliponiambia atapeleka gari kwa mchomeleaji aweke vyuma vya pembe chini ya viti, maana viti vilikuwa vifupi na Dorika asingeona mbele, nilimwambia, "Chini ya mwanangu hakichomelewi kitu."

"Sasa tufanyeje, baba? Matundu ya kiti hayalingani na matundu ya sakafu. Lazima kuwe na kitu katikati."

"Weka mti."

Mimi nauza miti ya matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara zisiwaangukie watu. Na chini ya ardhi kila mchimbaji, hata mlevi, anajua jambo moja: chuma kinakaa kimya mpaka kinakuua, lakini mti hulia kwanza. Timba likianza kulia, kwiii, kwiii, unatupa nyundo unakimbilia kamba. Mti umewapa watu wengi nafasi ya kuja kuzeekea juu. Ndiyo maana hata wenye winchi na mashine kubwa bado wananunua miti kwangu.

Nilichagua mkola mkavu, wa moyo, usio na jicho. Nikakata vibao vinne, nikavipiga randa mpaka vikateleza kama sabuni. Magesa alivipokea kwa mikono miwili. Mkwe hambishii baba mkwe, si huku kwetu, na yeye ingawa ni mtu wa ziwani alikuwa amelijua hilo mapema. Kilichobaki ni bolti ndefu za kupita kwenye kiti, kwenye mti, mpaka kwenye sakafu. Bolti za namna hiyo Runzewe nzima anazo mtu mmoja.

Mtu huyo ni Salvina, Mama Wilbard, Msumbwa wa Ushirombo. Gereji yake iko nyuma ya soko, uani kwake kumejaa magari mabovu kama mifupa ya ng'ombe. Ni mama mnene, sauti yake unaisikia kabla hujaona bati la gereji, na kujisifu kwake hakuna likizo. "Bolti nikiifunga mimi," husema, "ikitaka kutoka inaniomba ruhusa." Nilikuwa nikimwona barabarani na kumpita. Sikupenda kelele zake.

Tulimkuta chini ya lori. Alitoka kwa kuteleza mgongoni, akajifuta mikono, akalizunguka Panzi bila kusema, na hilo la kutosema lilinishangaza.

"Mnataka nini?"

"Bolti ndefu, mama," Magesa akasema.

"Za kufanyia nini?"

Magesa akanitazama. Nikaeleza mimi. Nilipofika kwenye vibao vya mkola nilimkabidhi kimoja ili aone kazi. Alikipima mkononi, akakisifu. "Randa umepiga, Baba Dorika. Kingefaa kuwa kibao cha mbuzi, nikune nazi." Kisha akanirudishia. "Sitoi bolti."

"Kwa nini?"

"Ngoja kwanza. Nyie mmeanzia katikati ya hadithi."

Akainama ndani ya gari, akaanza kuvigonga vile viti kwa vifundo vya vidole, kuanzia juu kushuka chini, sikio karibu, kama mama anayenunua chungu mnadani. Cha dereva kilijibu ng'oo, ng'oo. Cha abiria kilijibu vizuri mpaka alipofika begani, kikasema pwaa.

"Mmesikia?"

Hatukuwa tumesikia. Akagonga tena, nasi tukasikia. Akachukua kisu, akakwangua rangi nyekundu mahali hapo, na chini ya rangi ukaonekana ufa mrefu kama unywele, umejazwa gundi ukapakwa rangi.

"Hiki kimeshapata ajali yake huko kilikotoka," Salvina akasema. "Faiba ikipasuka haiungwi. Ulikinunua wapi?"

"Kwa mtu mtandaoni, mama. Picha zilikuwa nzuri."

"Hata mimi nina picha nzuri. Na mkanda? Kwenye gari hili kile kidude cha kuchomekea mkanda huwa kimefungwa kwenye kiti chenyewe. Umetoa kiti, umetoa na kidude. Bibi harusi atachomeka wapi, kwenye shada la maua?"

Magesa akaonyesha mikanda myeusi ya mabega, ile ya mashindano, iliyokuja na viti. Alikusudia kuikaza nyuma, kwenye sakafu ya kuwekea mizigo.

Salvina alimkalisha kwenye kiti, akampitisha mkanda mabegani, kisha akauvuta kwa nyuma kuelekea chini, kwa nguvu zake zote. Magesa aliguna. Shingo ilizama mabegani kama kobe.

"Umeona unakokwenda? Gari likigonga, mwili unaenda mbele, mkanda unaukamua chini. Uti wa mgongo unashindiliwa kama pamba kwenye gunia. Wewe hujashindilia pamba?"

"Sisi tunavua, mama."

"Basi uliza watu wa Shinyanga." Akanigeukia. "Mkanda wa namna hii unataka uende nyuma ukiwa umelala, karibu sawa na bega, na ushikwe na chuma kilichotengenezewa kazi hiyo. Hilo gari halina. Na kabla hujanitajia kuchomelea, Baba Dorika, najua hutaki, na mimi sitaki. Sakafu ya gari ni bati. Ukiichoma moto pale pembeni ya weldi inakuwa biskuti."

Sijui kwa nini maneno hayo yaliniingia vile. Wakubwa wenye vyeti walinizungusha nikitafuta mtu wa kuniambia kwa nini kiti cha Eufrasia kiling'oka na kile cha mbele yake kikabaki. Kila meza ilinipeleka meza nyingine. Huyu mama, ambaye hakujua hata kama nauliza, alikuwa amenijibu akiwa anajifuta grisi.

Lakini mimi ni mtu mbishi. "Ndiyo maana nimeleta mti," nikasema. "Mti haudanganyi. Mti unalia kwanza."

"Wewe kijana," Salvina akamwita Magesa, "wewe unasemaje? Una mdomo?"

"Ninao, mama. Lakini baba yupo."

Salvina alicheka mpaka akashika boneti. "Haya. Mimi si mkwe wake. Njooni uani."

Uani kulikuwa na bodi la gari dogo la zamani, limekaa juu ya mchanga bila magurudumu wala injini. Ndani kulikuwa na viti vyake viwili vya mbele vilivyochakaa. Salvina alikiacha cha kulia kwenye matundu yake ya kiwandani, hakukigusa ila kukaza bolti. Cha kushoto alikitoa, akakipandisha juu ya vibao vyangu vya mkola, akapitisha bolti ndefu mpaka chini ya sakafu, akaweka washa pana na nati, akakaza vizuri kabisa. Nilimsimamia. Hakuiba hata kidogo. Aliifunga kazi yangu kuliko ambavyo ningeifunga mimi.

Kisha akazungusha mnyororo nyuma ya kiti changu, akautoa kwenye kioo cha mbele kisichokuwepo, akaufunga kwenye bredauni yake, gari lake la kuvutia magari mabovu.

"Nitauacha mnyororo ulegee kidogo," akasema. "Ajali haivuti polepole. Baba Dorika, wewe simama pale karibu, mbali na mnyororo, utege sikio. Mti wako ukilia, piga kelele nisimame."

Watu wa sokoni walikuwa wameanza kuja. Magesa alisimama kando yangu, mikono nyuma, kama mtoto anayengoja matokeo. Salvina akapanda, akawasha, akaondoka.

Nilitega sikio. Naapa nilitega. Mnyororo ulikaza, ikasikika sauti moja tu, tah! kama bakora, na kiti kilikuwa kimeshatoka dirisha la mbele kikiburuzwa mchangani. Vibao viwili vilikuwa vimepasuka kwa urefu, kufuata nyuzi zake, bolti zimepita katikati kama kisu kwenye muhogo. Mdomo wangu ulikuwa wazi, nilikuwa najiandaa kupiga kelele.

"Umelia?" Salvina akauliza akishuka.

Niliinama nikavitazama vile vibao.

"Nauliza, umelia?"

"Umesema neno moja."

"Na ulipata nafasi ya kulisikia mpaka mwisho?" Hakusema kwa kejeli. Aliokota kipande cha mkola akakifuta mchanga. "Mti huu hauna kosa. Kule duarani unalia kwa sababu mlima unashuka taratibu, unauelemea. Gari haliko hivyo. Gari linagonga. Ukishasikia, umeshafika."

Kisha akafunga mnyororo ule ule kwenye kiti cha kulia, kile chakavu, kwenye matundu yake mwenyewe. Akaondoa bredauni kwa mwendo ule ule. Mnyororo ukakaza, gari bovu lote likashtuka, likanyanyua pua, likaanza kumfuata. Alilivuta uani kutoka ukuta hadi ukuta, likilima mchanga, kuku wakikimbia, watu wakishangilia, na kiti kilikuwa kimekaa palepale, kimeinama mgongo kidogo kama mzee anayesali, lakini bolti zote zipo.

Nimeona vitu vingi. Nimeona jiwe la dhahabu la ukubwa wa ngumi likipanda kutoka chini. Sijaona kitu kilichonipendeza kama gari lile bovu likiburuzwa na kiti chake. Nilimwita Salvina fundi kwa mara ya kwanza.

"Fundi, sasa mwanangu atakalia nini?"

"Viti vilivyokuja na gari viko wapi?"

Hapo Magesa ndipo alipotafuta mahali pa kuweka macho. "Nilimpa Nyamizi," akasema.

Nyamizi ni mama lishe wa Rwamgasa, karibu na karasha za kusagia mawe. Magesa anakula kwake tangu hana kitu. Alipovitoa viti vya gari, vya kijivu, akaona avipe heshima, akampelekea viwe vya wateja wakubwa.

Salvina alishika kichwa. "Uliving'oaje? Betri ulitoa?"

"Sikutoa. Nilichomoa tu zile soketi za njano chini."

"Soketi za njano!" Akamsogelea. "Ndani ya ubavu wa kile kiti kuna mfuko wa hewa. Unafumuliwa na nini ule mfuko, pumzi? Ni baruti. Kule duarani nani anachezea nyaya za baruti huku betri imeungwa?"

Magesa alitazama mikono yake. Nikaona imemfika mahali pake kabisa. "Hakuna, mama," akasema. "Tungempiga."

"Sasa leta fimbo ujipige."

Tulikwenda Rwamgasa na bredauni ya Salvina, sisi watatu. Nyamizi tulimkuta anapakua wali. Viti viwili vya kijivu vilikuwa chini ya turubai, mbele ya meza, na juu yao wamekaa wachimbaji wawili wenye tope mpaka kwenye kope, wamejiegemeza kama mawaziri.

"Mhola, mayo," Salvina akamsalimu Kisukuma, akimwita mama.

"Mhola duhu. Kaeni, ila vile viti viwili vina watu wake."

Magesa akaeleza. Nyamizi akasikiliza mwiko ukiwa juu. "Kitu ulichompa mtu unarudi kukichukua? Wewe siku ya harusi yako si utamrudisha bibi harusi kwao kesho yake?"

Wachimbaji wakacheka. Mmoja akasema, "Na sisi tutakula tumesimama, bosi?"

"Mayo," Salvina akasema, "mwanamke mwenzako atapanda gari la kijana huyu kutoka Ushirombo mpaka Nkome. Baba yake ndiye huyu. Mama yake alikufa kwenye kiti kibovu."

Sikuwahi kumwambia. Runzewe ni ndogo.

Nyamizi alinitazama. Akaweka mwiko chini. "Inukeni," akawaambia wale wawili, na walipochelewa akapiga meza. "Inukeni, nimesema! Hamsikii kuna msiba?" Halafu akamgeukia Magesa, akatazama vile viti vyekundu tulivyokuwa tumevifunga nyuma ya bredauni. "Vile niachie. Vyenyewe vina rangi ya kuita wateja."

"Vikaliwe tu, mayo, visiendeshwe," Salvina akasema, na ndivyo viti vya mashindano vilivyopata kazi yao.

Kazi ya kuvirudisha viti vya kijivu ilichukua mchana wote wa Alhamisi, nami sikutoka pale. Salvina alianza kwa kuvikagua kama daktari. Alipitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, ambako mfuko wa hewa hutokea, kuhakikisha haujachanika wala kushonwa. Magesa alikuwa ameleta wazo lake jingine, kwamba avishonee vifuniko vyekundu, ili watu wa Nkome wasivunjike moyo.

"Ukifunika ubavu huu umeuziba mlango," Salvina akamwambia. "Mfuko utatokea wapi?"

Alipofika kwenye kidude cha kuchomekea mkanda, aliingiza ulimi wa mkanda, ukagoma. Akakipindua, akakipigapiga kwenye kiganja, zikaanguka punje za wali. "Nyamizi anajua kupika," akasema. Akakipuliza kwa upepo wa kompresa, akajaribu tena na tena mpaka kikawa kinalia ka! kavu, na ukivuta hakiachii.

Betri alimfanya Magesa aitoe kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatukataza kugusa chochote. "Umeme unakaa kwenye nyaya kama hasira kwa mtu. Mpe muda." Tukakaa kwenye tairi tukala matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, aliyoyaleta binti yake, na Magesa alitafuna huku anaitazama ile betri kama mtu aliyetega baruti anayehesabu.

Ndipo Salvina akafunga. Hakuleta bolti mpya ovyo. Alizisaka za gari lenyewe kwenye buti, Magesa kwa bahati alikuwa amezitupia humo. Moja ilikosekana. Salvina alichambua kopo zima la bolti akitazama vichwa tu, maana bolti ngumu ina namba kichwani. Alizitupa nyingi nzuri machoni, zinazong'aa. "Hii ya kitanda. Hii ya geti. Hii ya geti." Alipoipata aliibusu. Akazikaza kwa ile spana yake ndefu inayolia yenyewe nguvu ikitosha, akiwa amelala kwa tumbo, kichwa ndani miguu nje, anaimba.

Betri ikarudishwa. Magesa akawasha. Kwenye dashibodi kulikuwa na kipande cha utepe mweusi wa gundi. Salvina akakibandua, chini yake taa ya mtu mwenye mpira kifuani, ile ya mfuko wa hewa, ilikuwa inawaka.

"Uliifunika?"

"Ilikuwa inanisumbua, mama."

Hapo nilicheka, nami sijui niliacha kucheka lini. Nilicheka kwa sababu nilimwona pale kila mkubwa niliyewahi kukaa mbele ya meza yake. Taa inawaka, wao wanatafuta gundi.

Salvina hakucheka. Alirudi chini ya kiti cha abiria, kile cha Dorika, akatoa betri tena, tukangoja tena. Ndani ya soketi ya njano pini moja ilikuwa imepinda, nyembamba kama sindano. Aliinyoosha kwa kibano cha nyusi. Akaunga, akachomeka kile kifaa chake cha kusomea gari, akafuta kosa. Magesa akawasha. Taa ikawaka, ikakaa kidogo kama inafikiri, ikazima. Akazima gari, akawasha tena. Ikazima tena.

"Wabeja, fundi," nikamshukuru. Sikupata neno kubwa zaidi.

"Najua," akajibu.

Jumamosi kengele zilipigwa, watu wakatoka kanisani. Panzi alikuwa amefungwa riboni, anang'aa, na ndani viti viwili vya kijivu, kimoja na doa la mchuzi lililogoma. Nikasikia wanawake wa upande wa Magesa, waliokuja na basi dogo kutoka Nkome, wakinong'ona: "Kumbe vyekundu viko wapi? Mbona kama gunia la pumba?"

Dorika aliingia. Gauni lilikuwa kubwa, lilijaa kiti, likapanda mpaka kidevuni kama povu. Msimamizi wake, Violeth, akauvuta mkanda akaupitisha juu ya povu lote, juu kabisa, karibu na tumbo.

"Hapana!" Sauti hiyo watu waliisikia kabla ya kumwona. Salvina alikuja akipasua umati, amevaa kitenge kipya na kilemba kama nyumba ndogo. Aliingiza kichwa na mabega garini, akapeleka mkono ndani ya gauni, akashusha mkanda chini mpaka kwenye mfupa wa nyonga, akautoa ulegevu, akaulaza katikati ya bega.

"Mama Wilbard, unamkunja gauni!" Violeth akapiga yowe. "Na picha bado!"

"Gauni linapigwa pasi," Salvina akasema bila kutoka. "Mifupa utaipiga pasi gani? Dorika, unabanwa?"

"Kidogo, mama."

"Vizuri. Kaa hivyohivyo mpaka Nkome." Kisha akakishika kiti begani kwa mikono miwili akakitikisa, gari lote likacheza na kiti hakikucheza. Akanitazama mimi juu ya paa. Nikatikisa kichwa kukubali. Magesa akatutazama wote wawili, akafunga mkanda wake bila kuambiwa.

Wakaondoka. Nilirudi nyumbani nikakaa, maana baba wa binti hafuati msafara. Nilishika simu. Niliiweka mezani, nikaishika tena. Njia ile naijua: Bwanga, Katoro, Geita mjini, halafu lile vumbi la kushukia ziwani, na ng'ombe wa watu wasiojua lami ni nini.

Simu ililia jua likiwa limeanza kuinama. Nyuma ya sauti ya Dorika kulikuwa na ngoma na vigelegele.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mko wapi?"

"Nkome. Baba, hawa watu wanatucheka! Wifi yangu anauliza kama kiti nimekikodi kwa mama lishe."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ndiyo." Akacheka. "Na trafiki walitusimamisha Katoro. Walizunguka gari, wakalisifu, wakatazama stika, wakapiga picha nalo."

"Viti walitazama?"

"Hawakutazama, baba."

"Nilijua."

"Na karibu na Nzera ng'ombe walikatiza. Magesa alikanyaga breki mpaka nikaona maua yangu yapo kwenye kioo. Mimi sikwenda popote. Mkanda ulinishika hapa kwenye nyonga, naona nitakuwa na alama." Mtu akamwita jina kwa nyuma. "Baba? Upo?"

"Nipo, mwanangu. Inakuuma hiyo alama?"

"Inaniuma, baba."

"Basi iache iume," nikamwambia. "Nenda wakupe samaki."